Kizibo cha Machozi: Kwa Nini Yaya Aliwekewa na Mimi Nikanyimwa



Rafiki yangu mmoja wa promosheni aliponisikia nikisema nina macho makavu, alicheka mpaka akakaa chini. "Macho makavu hapa Kisangani? Hapa penye mvua karibu kila mwezi, mto Congo huku, mto Tshopo kule, hata shati kukauka ni kazi?" Nilicheka naye. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaamini, maana macho yangu yalikuwa yanatiririka machozi. Yawe makavu namna gani na huku yanalia?

Kumbe inawezekana, tena ni jambo la kawaida. Naandika habari hii kwa sababu wengi wetu tunashinda mbele ya laptop na simu, tunaingia farmasi kununua "dawa ya macho" bila kuuliza ni dawa gani, na tukisikia kuna matibabu mapya tunayataka hata kabla ya kujua ugonjwa wetu. Mimi nilifanya yote matatu. Matibabu yenyewe ni vizibo vya machozi, vidude vidogo kuliko punje ya mchele vinavyotiwa kwenye kona ya jicho ili machozi yasitoroke. Dada yangu mkubwa aliwekewa. Mimi niliviomba nikanyimwa, na leo nashukuru.

Mwaka 2023 nilikuwa namalizia memwari ya lisansi. Umeme wa kwetu mnaujua: ukirudi saa sita usiku, ndipo unafungua laptop na kuandika mpaka alfajiri, feni ikikupuliza usoni kwa sababu ya joto na mbu. Baada ya wiki kadhaa macho yakaanza kuwaka kama yamepakwa pilipili. Asubuhi nilihisi mchanga chini ya kope. Mchana, nikipanda toleka, upepo kidogo tu, machozi mpaka shingoni. Nikisoma, herufi zinafifia, nikipepesa, zinarudi.

Nikaenda farmasi. Kijana wa pale aliniangalia mara moja tu akanipa chupa ndogo ya matone. Ndani ya siku mbili wekundu ukaisha, nikasema basi, dawa imepatikana. Chupa ikiisha nanunua nyingine. Miezi mitano mfululizo, na mimi huyu mwenye masomo ya sayansi sikusoma hata siku moja ile karatasi ya ndani ya boksi. Ilikuwa imeandikwa deksametazoni. Shikeni jina hilo, nitalirudia.

Sasa yaya. Yaya anaishi Nairobi, upande wa Kayole, anashona vitenge, na watoto wake wanakula kwa cherehani ile. Kwa mwaka mzima alikuwa analalamika macho. Aliambiwa ni vumbi, akaambiwa ni mzio, akanunua miwani. Usiku mdomo ulikuwa unamkauka mpaka anaamka kunywa maji, na asubuhi vidole vilikuwa vinamuuma, lakini hayo hakumwambia mtu wa macho. Kwa nini umwambie daktari wa macho habari za mdomo? Siku moja akanipigia. "Mdogo wangu, tundu la sindano silioni tena. Uzi ananitungia mtoto wa jirani. Wateja njo wanaondoka vile." Nilipomaliza kutetea memwari, familia ikachanga nauli, nikaenda kumsaidia kibandani na kumsindikiza hospitali.

Tulimpata daktari mmoja mama mwenye subira. Swali lake la kwanza lilitushangaza: "Mama, ukila mkate mkavu unaweza kumeza bila maji?" Yaya akanitazama. Hakuweza, na ilikuwa muda mrefu.

Halafu akachukua vipande viwili vya karatasi ya kufyonza, upana milimita 5, urefu milimita 35, akakunja ncha na kuvining'iniza kwenye kope za chini, kimoja kila jicho. Tukasubiri dakika 5. Kipimo hiki kina zaidi ya miaka 100. Kinaitwa kwa jina la Mjerumani Otto Schirmer aliyekieleza mwaka 1903. Machozi yakilowesha zaidi ya milimita 10, kwa kawaida maji yanatosha. Yakiishia milimita 5 au chini, maji yamepungua sana. Ya yaya yalifika 3 kulia na 2 kushoto. Kisha daktari akatia rangi ya machungwa machoni, akazima taa na kuwasha mwanga wa buluu. Akaniruhusu nichungulie. Kioo cha jicho la yaya kilikuwa kimejaa nukta zinazong'aa, nyingi mno. Kila nukta ni mahali ambapo ngozi laini ya juu imeumia kwa kukosa unyevu. Ndiyo maana sindano haikuonekana. Miwani haikuwa na kosa lolote.

Hapa nieleze kidogo namna machozi yanavyofanya kazi, maana bila hili kizibo hakieleweki.

Machozi si maji matupu. Juu ya jicho kuna utando mwembamba wenye vitu vitatu. Kuna ute unaoshika kwenye jicho ili unyevu usiteleze. Kuna maji, yanayotoka zaidi kwenye tezi iliyo juu ya jicho upande wa nje. Na kuna mafuta, yanayotoka kwenye vitezi vidogo vilivyopangwa kwenye ukingo wa kope, nayo yanafunika maji yasikauke kwa hewa. Sufuria ya maji iliyofunikwa na ile iliyo wazi hazikauki sawa. Kitu kimoja kikipungua, utando unapasuka, jicho linawashwa, na ubongo unaagiza tezi kumwaga maji mengi kwa haraka. Maji hayo ya dharura hayana mpangilio mzuri wa ute na mafuta, yanafurika na kwenda zake. Ndiyo yale machozi yangu ya kwenye toleka. Jicho linalia kwa sababu ni kavu.

Machozi yakishatumika yanakwenda wapi? Simama mbele ya kioo, vuta kope ya chini taratibu karibu na pua. Kwenye ukingo utaona kitundu kama kilichotobolewa kwa pini. Viko vinne kwa mtu mmoja, cha juu na cha chini kila jicho. Kila unapopepesa, machozi yananyonywa humo, yanapita kwenye kimrija, yanaingia kwenye kifuko kando ya pua, yanashuka mpaka puani. Ndiyo maana ukilia sana kamasi zinatoka, na ukitia matone ya dawa unasikia uchungu kooni.

Basi fikirieni lavabo. Bomba ni tezi, beseni ni jicho, tundu la chini ni kile kitundu. Bomba la yaya linadondosha tone moja moja, na tundu liko wazi. Unaweza kumimina maji kutoka nje, yaani matone ya machozi ya bandia, lakini utamimina kutwa. Au unaziba tundu ili hayo machache yakae.

Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1935 daktari Beetham, Mmarekani, aliandika juu ya kuunguza vitundu hivyo kwa umeme ili vijifunge. Inasaidia, ila ukishaunguza, kurudisha nyuma ni vigumu. Mwaka 1961 Foulds akajaribu vijiti vya jelatini vinavyoyeyuka vyenyewe. Halafu mwaka 1975 Jerre Freeman wa Marekani akaeleza kizibo chenye umbo la msumari mdogo wenye kichwa: mwili unaingia ndani, kichwa kinabaki juu ya ukingo wa kope kionekane na kiweze kuvutwa. Vizibo vingi vya leo vimetengenezwa kwa silikoni na vinafuata umbo hilo. Vipo pia vinavyoingia ndani kabisa ya mrija visionekane. Hivyo mgonjwa havimkeri, lakini vikileta shida kuvitoa si rahisi.

Mimi nilidhani siku ile ile yaya angewekewa. Daktari akakataa. Vipimo vya damu kwanza, na kuutuliza uvimbe wa juu ya jicho kwanza. Alisema ukiziba tundu wakati beseni lina maji machafu, umemfungia mtu uchafu machoni. Machozi ya jicho lililovimba yana kemikali zinazozidi kuliunguza. Kwa hiyo wiki nne za dawa ya kutuliza, chini ya macho yake, na machozi ya bandia yasiyo na kemikali ya kuhifadhi, kwa sababu kemikali hiyo yenyewe inachubua jicho la mtu anayetia matone mara nyingi kwa siku.

Majibu ya damu yalikuja: ugonjwa wa Sjögren. Kinga ya mwili inashambulia tezi za machozi na za mate, na mara nyingi viungo pia vinauma. Unawapata wanawake zaidi ya wanaume, mara nyingi sana zaidi. Henrik Sjögren alikuwa daktari wa macho wa Sweden. Mwaka 1933 aliandika tasnifu yake juu ya wanawake 19 waliokauka macho hivyo. Mdomo mkavu, vidole vinavyouma, macho yanayowaka, vyote vilikuwa ugonjwa mmoja, na sisi tulikuwa tunavigawa kwa madaktari tofauti. Yaya alinyamaza muda mrefu, halafu akasema: "Afazali nijue jina yake."

Siku ya vizibo nilikaa pembeni. Wasiojua wanaogopa wakifikiri ni upasuaji. Daktari alitia tone la ganzi, akapima upana wa kitundu kwa kifaa chembamba, maana kizibo kikiwa kidogo kinaanguka na kikiwa kikubwa kinachana. Akakipanua kidogo, akasukuma kizibo mpaka kikakaa. Chini kulia, chini kushoto. Hata dakika 10 hazikufika. Lakini vile vya kwanza vilikuwa vya majaribio, vya kolajeni, vinavyoyeyuka baada ya siku chache mpaka wiki hivi. Vinamwonyesha mgonjwa hali itakavyokuwa. Wengine wakizibwa machozi yanafurika mashavuni kutwa, na ni heri ujue hilo kwa kizibo kinachoyeyuka. Yaya hakufurika. Kwa mara ya kwanza baada ya mwaka alilala bila kuamka kutafuta chupa ya matone. Vilipoyeyuka, mchanga ukarudi, naye akaomba vya silikoni mwenyewe.

Na mimi? Nilipoona vile, nikavua aibu. "Daktari, na mimi nina macho makavu. Naomba vya kwangu." Alicheka, akanikalisha kwenye kiti.

Karatasi yangu ililowa milimita 18. Bomba langu ni zima. Akatia ile rangi, akaniambia nisipepese, akahesabu: moja, mbili, tatu, nne, na utando ukapasuka. Chini ya sekunde 10 si dalili nzuri. Akabonyeza ukingo wa kope zangu: badala ya mafuta mepesi yakatoka mazito kama dawa ya meno. "Wewe maji unayo. Mafuta ndiyo yameziba. Nikiziba na vitundu vyako, utalia zaidi na bado utawaka." Nilipomtajia vitamini A, nikiwa nimesoma kwamba upungufu wake hukausha macho, aliuliza ninakula nini. Sombe kwa mafuta ya mawese karibu kila siku. Akasema upande huo nisihangaike.

Kisha akauliza matone gani nimekuwa natia. Nikatoa chupa mfukoni, kwa fahari kabisa. Alipoisoma uso ulibadilika. Akapima msukumo wa ndani ya macho yangu. Kawaida ni kati ya 10 na 21. Wangu ulikuwa 27.

Deksametazoni ni dawa nzuri mikononi mwa mtu anayekufuatilia. Inafuta wekundu haraka, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu huku juu jicho linaonekana limepona, kwa baadhi ya watu msukumo wa ndani unapanda kimyakimya na kubana mshipa wa kuona. Hauumi. Ukiendelea unaweza kupoteza uwezo wa kuona, na kilichopotea hapo hakirudi. Inaweza pia kuleta mtoto wa jicho, na kama ndani ya jicho mna virusi vya herpesi au kuvu, inavilisha. Mimi nilikuwa naitia kutwa mara nne kwa miezi mitano, kwa ushauri wa kijana aliyenitazama sekunde tatu. Nilikuwa kijana wa miaka 26. Niliacha chini ya uangalizi wa daktari, na baada ya wiki sita kipimo kilisoma 16. Nilikuwa na bahati, si akili.

Dawa yangu mimi ilikuwa kitambaa. Naloweka kitambaa safi kwenye maji ya moto yasiyounguza, naweka juu ya macho niliyofumba, kikipoa nakichovya tena, dakika 10, halafu nakanda kope taratibu kuelekea kwenye nywele zake. Kila asubuhi. Feni sasa inapuliza miguu. Na kupepesa: mtu akizungumza anapepesa mara 15 hivi kwa dakika au zaidi, ila mbele ya kioo cha kompyuta inashuka chini ya nusu, na nyingi ya hizo ni nusunusu, kope hazigusani, kwa hiyo mafuta hayasambai. Kila dakika 20 natazama mbali na kufumba macho kabisa mara kadhaa. Ni dawa ya kuchosha, haina cha kuonyesha watu. Ilichukua zaidi ya mwezi kuona tofauti.

Kuhusu vizibo vyenyewe, nisiwauzie muujiza. Mwaka 2017 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 18 yenye watu 711 na kusema ushahidi bado hautoshi kuthibitisha kwamba vinashinda matibabu mengine. Majaribio mengi yalikuwa madogo, na kila moja lilipima kwa namna yake, juu ya wagonjwa wa aina mbalimbali. Kwa maoni yangu, si ajabu: ukimchanganya yaya na mimi katika kundi moja, wastani wetu hausemi kitu. Shida zake zinajulikana pia. Mara nyingi vinaanguka. Vingine vinakwaruza jicho, vingine vinaleta maambukizi kwenye mrija, na hapo inabidi vitolewe. Aliyewekewa hatakiwi kusugua kona ya jicho, na kwa fundi wa cherehani mwenye jasho na vumbi la nyuzi hilo ni gumu kuliko mnavyodhani.

Wengi mtaniuliza: na sisi hapa Kisangani? Kizibo huenda kikawa mbali nawe, ila vipimo vinavyotangulia havihitaji mashine ya ajabu: karatasi ya kufyonza, rangi, mwanga wa buluu, kidole cha kubonyeza kope. Mkienda kwa mtaalamu wa macho, ulizeni, "Shida yangu ni maji au ni mafuta?" Mwambieni na habari za mdomo, za viungo, na dawa mnazomeza, kwa sababu baadhi ya dawa za mzio na za msongo wa mawazo hukausha macho. Na ile chupa ya farmasi, someni karatasi yake. Ukikuta deksametazoni, prednisoloni au betametazoni, na umeitia zaidi ya siku chache bila daktari, nenda upimwe msukumo wa macho kabla ya kununua nyingine. Mkojo, maji ya majani na maziwa ya mama machoni, hayo nayo tuyaache. Jicho kavu tayari lina majeraha, na wadudu wanapita hapo.

Yaya amerudi kwenye cherehani. Hajapona, ugonjwa wake hauishi. Matone bado anatia, ila mara nne kwa siku badala ya kila nusu saa, na uzi anatunga mwenyewe. Mwezi wa nne kizibo cha kushoto kilimtoka alipojifuta jasho kwa kipande cha kitenge. Alikitafuta sakafuni katikati ya nyuzi na vitambaa, hakukiona. Alinitumia ujumbe wa sauti akicheka, nyuma mashine ya jirani ikilia: "Mdogo wangu, kile kidude njo nilishakifagia." Wiki iliyofuata akarudi kuwekewa kingine, cha saizi moja zaidi.